Viza, mhuri na anwani: jinsi mgeni anavyoishi Thailand kwa miaka mingi

Anayetaka kujua maisha ya wageni walioweka makazi Thailand hupata majibu yanayopingana. Mmoja atamwambia kwamba ameishi mji wa Chiang Mai miaka ishirini kwa ruhusa ya mwaka mmoja mmoja. Mwingine atalalamika kwamba ametozwa faini ya baht 2,000 (baht ndiyo fedha ya Thailand) ilhali pasipoti yake ina mhuri ambao bado haujaisha muda. Wa tatu amenunua nyumba ya ghorofani kwa jina lake mwenyewe, lakini benki ya mtaani kwake imekataa kumfungulia akaunti. Wote watatu wanasema kweli. Msikilizaji huchanganyikiwa kwa sababu vitu vinavyosimamiwa na ofisi tofauti, chini ya sheria tofauti, vyote huitwa kwa jina moja la viza.

Viza yenyewe ni sehemu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hutolewa na ubalozi, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na kazi yake ni kumfikisha msafiri mlangoni. Mlangoni hapo afisa wa uhamiaji, ambaye kwa Thailand ni askari wa Jeshi la Polisi la Kifalme, hugonga mhuri wenye tarehe, na tangu hapo tarehe hiyo ndiyo inayotawala maisha ya mgeni. Aliyeingia kwa viza ya kundi linaloitwa Non-Immigrant kwa kawaida hupewa siku 90, na kabla hazijakwisha huomba kuongezewa mwaka mmoja katika ofisi ya uhamiaji ya mkoa anaoishi, kwa ada ya baht 1,900. Viza aliyopewa na ubalozi inaweza kuwa imekufa zamani, naye akaendelea kukaa kihalali kwa nyongeza hizo, mwaka baada ya mwaka, bila nyongeza hizo kugeuka zenyewe kuwa haki ya kudumu. Yule wa Chiang Mai amekaa miaka ishirini kwa namna hiyo hiyo: ameomba mara ishirini.

Kila nyongeza hudai sababu, na sababu zinazotumika zaidi ni tatu: kazi, ndoa na kustaafu. Mwenye umri wa miaka 50 au zaidi anayeomba kama mstaafu huonyesha baht 800,000 katika benki ya Thailand, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa akiba na kipato unaofikia kiasi hicho cha 800,000 kwa mwaka. Aliyeoa au kuolewa na Mthai huonyesha nusu ya akiba hiyo, yaani baht 400,000, au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Fedha za mstaafu haziwekwi benki siku ya maombi na kutolewa kesho yake. Zinatakiwa ziwe zimelala humo miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo salio lisishuke chini ya baht 400,000 hadi mzunguko mwingine uanze. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa fedha za matumizi, jambo ambalo wengi wanaopiga hesabu za maisha nafuu ya Thailand hulisahau.

Upo pia mtego ambao huwanasa watu makini kabisa. Nyongeza ya mwaka mmoja hufutika pale mgeni anapovuka mpaka kwenda nje, hata kama ni kwa mazishi ya siku tatu nyumbani, isipokuwa amechukua kwanza kibali cha kurejea. Kibali cha safari moja ni baht 1,000 na cha safari nyingi ni baht 3,800. Aliyesahau hurudi kama mtu anayeingia upya, na safari yake ya maombi huanza tena kutoka mwanzo. Anayepitisha tarehe ya mhuri hutozwa baht 500 kwa kila siku, hadi kikomo cha 20,000. Tangu Machi 2016 kuna adhabu nzito zaidi kwa waliozidisha muda mrefu: anayejisalimisha mwenyewe baada ya kuzidisha zaidi ya siku 90 hupigwa marufuku kurudi kwa mwaka mmoja, na marufuku hurefuka kadiri alivyochelewa, ilhali anayekamatwa hata kabla ya kutimiza mwaka wa kuzidisha hufungiwa miaka mitano.

Hayo ni masuala ya muda wa kukaa. Kinachozidi kuwasumbua wageni siku hadi siku ni swali la mahali wanapokaa.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979, ambayo bado ndiyo msingi wa taratibu hizi zote, ina vifungu viwili vinavyofuatana na vinavyouliza jambo moja: mgeni huyu analala wapi? Kifungu cha 37 kinamtaka mgeni aliyekaa zaidi ya siku 90 mfululizo aiarifu Idara ya Uhamiaji anwani yake, kisha arudie kufanya hivyo kila zinapotimia siku 90 nyingine. Kifungu cha 38 kinamtaka mwenye nyumba, au msimamizi wa hoteli, atoe taarifa ya mgeni aliyempokea ndani ya saa 24, kwa fomu inayojulikana kote nchini kama TM30. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kumpeleka mgeni wake kwa mjumbe wa nyumba kumi ataelewa mantiki yake mara moja, ila huko Thailand taarifa huenda polisi, huandikwa, na ikikosekana hutozwa faini.

Hoteli hufanya kazi hii kimya kimya, na mtalii huondoka bila kujua kwamba kuna kitu kama hicho. Ugumu huanza kwa mpangaji. Kisheria wajibu wa TM30 ni wa mwenye nyumba, lakini anayeumia ukikosekana ni mpangaji, kwa kuwa siku ya kuomba nyongeza ya mwaka afisa huiulizia stakabadhi ya fomu hiyo kabla ya kufungua faili. Mwenye nyumba huenda anaishi mkoa mwingine, huenda ni mzee asiyejua mfumo wa kutuma taarifa kwa intaneti, na wengine, tuseme ukweli, hawapendi serikali ijue kwamba nyumba ile inaingiza kodi ya pango. Ndiyo maana wakazi wazoefu humuuliza mwenye nyumba kuhusu TM30 kabla ya kuuliza bei, na huomba mapema nakala ya kitambulisho chake na ya kitabu cha nyumba, yaani daftari rasmi la kuandikisha wakazi wa nyumba hiyo. Hadi 2019 hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani ofisi nyingi zilidai taarifa mpya kila mgeni aliporudi nyumbani baada ya kulala mkoa mwingine. Kanuni zilizotolewa 2020 zililegeza sharti hilo kwa anayerudi katika anwani ile ile iliyokwisha kuandikishwa, ingawa namna kila ofisi ya mkoa inavyozitafsiri kanuni hizo bado hutofautiana kiasi cha kuchosha.

Taarifa ya siku 90 ni jambo jingine, na kuichanganya na nyongeza ya kukaa ndiko kulikomponza yule aliyetozwa baht 2,000. Taarifa hiyo haiongezi hata siku moja ya kukaa. Ni kusema tu, bado nipo, na ninaishi pale pale. Hupokelewa ofisini kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake, huweza pia kutumwa mapema kwa posta au kwa intaneti, haina ada, na akichelewa mtu hulipa faini hiyo hata kama mhuri wake una miezi minane mbele. Hesabu ya siku 90 huanza upya kila mgeni anapotoka nchini na kurejea, kwa hiyo msafiri wa mara kwa mara anaweza kuishi Bangkok miaka mingi bila kuitoa hata mara moja.

Kutokana na anwani iliyoandikishwa hufunguka mambo mengine. Anayetaka leseni ya udereva, au kununua pikipiki kwa jina lake, huhitaji hati ya makazi, na hati hiyo hutolewa kwa kuangalia kumbukumbu za anwani yake. Leseni ya kwanza huwa ya miaka miwili, kisha huja ya miaka mitano. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda walau upande wa barabara haumsumbui, kwani magari hupita kushoto kama kwao. Kwa waliotulia zaidi kuna kitabu cha nyumba cha rangi ya njano, ambacho ni cha wageni, tofauti na kile cha buluu cha wananchi, na pamoja nacho huweza kutolewa kitambulisho cha rangi ya waridi chenye namba ya tarakimu 13. Vitu hivi viwili havimpi mgeni haki mpya ya kukaa. Humwezesha tu kujibu swali la anwani bila kwenda foleni kila mara, na kwa nchi hii hilo si jambo dogo.

Benki nazo zimekuwa ngumu katika miaka ya karibuni, baada ya serikali kuanza kupambana na akaunti zinazokodishwa kwa matapeli wa simu. Mwenye kibali cha kazi kwa kawaida hufunguliwa bila mzozo. Asiye nacho huambiwa alete hati ya makazi, au barua ya ubalozi, au mdhamini, na mara nyingi tawi moja hukataa huku tawi jingine la benki ile ile, barabara hiyo hiyo, likikubali. Hapo mstaafu hujikuta katika mduara: uhamiaji unataka aweke baht 800,000 katika benki ya Thailand ili apewe mwaka, na benki inataka aonyeshe ruhusa ya mwaka ili imfungulie akaunti. Hutoka humo kwa kutumia zile siku 90 za mwanzo vizuri. Na akaunti si anasa tena, kwa sababu tangu PromptPay, mfumo wa kulipana kwa simu kutoka akaunti za benki, uanze kutumika 2017, muuza supu ya tambi kando ya njia hubandika msimbo wa QR kwenye kigari chake, na asiye na akaunti ya nchini hulazimika kutembea na noti.

Ruhusa ya kukaa haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha kazi hutoka Wizara ya Kazi, hutaja mwajiri na aina ya kazi, na kampuni ya kawaida inayotaka kumwajiri mgeni mmoja hutakiwa kuwa na mtaji wa baht milioni 2 na, kwa ajili ya nyongeza yake ya kukaa, wafanyakazi Wathai wanne. Zipo kazi 27 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya hata kidogo, zikiwemo kunyoa na kusuka nywele, kukanda mwili kwa mtindo wa Kithai, kuongoza watalii na kuuza bidhaa barabarani. Mwafrika anayefika akidhani ataanza na kibanda cha nywele, kama ambavyo angeweza kuanza katika miji mingi ya dunia, awe ameonywa.

Katika kanuni za nyongeza kwa wafanyakazi kuna jedwali linalostahili kusomwa kwa makini. Uhamiaji huweka kiwango cha chini cha mshahara kulingana na uraia: baht 50,000 kwa mwezi kwa raia wa Ulaya Magharibi, Marekani, Kanada, Australia na Japani, 45,000 kwa Korea Kusini, Singapore na wengine wachache, 35,000 kwa kundi ambalo Afrika Kusini imo, na 25,000 kwa nchi nyingine za Afrika pamoja na Kambodia, Laos, Myanmar na Vietnam. Wapo wanaoliona jedwali hili kama nafuu, kwa kuwa mwajiri wa Mkenya au Mganda haulizwi mshahara mkubwa ili kibali kipite. Mimi nalisoma pia kama mwaliko wa kulipa kidogo, kwa sababu kiwango cha chini kikishaandikwa na serikali, waajiri wengi hukichukua kama bei ya soko.

Jambo hili huonekana zaidi shuleni. Waafrika wengi wanaoishi Thailand kwa kazi rasmi ni walimu, na Wakenya, Waganda na Wakameruni wamo katika shule za mikoani wakifundisha Kiingereza, hisabati na sayansi. Wanatakiwa wawe na shahada, hati safi ya polisi, na kwa kuwa nchi zao hazihesabiwi kuwa za wazawa wa Kiingereza, cheti cha mtihani wa lugha hiyo pia, hata kama wamesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kundi jingine ni wafanyabiashara wa vito. Mji wa Chanthaburi, kusini mashariki mwa Bangkok, ni miongoni mwa vituo vikuu vya dunia vya kuchoma (ili kuboresha rangi), kukata na kuuza rubi na yakuti, na mawe yaliyochimbwa Afrika Mashariki na Msumbiji hupita hapo. Wakazi wa Tunduru wenye umri wa kutosha watawakumbuka wanunuzi wa Kithai waliofurika huko katikati ya miaka ya 1990.

Ajira ikikoma, ruhusa ya kukaa iliyotokana nayo hukoma pamoja nayo, wala si mwisho wa mwezi. Mfanyakazi huenda uhamiaji, hulipa baht 1,900, na akibahatika hupewa siku saba za kufungasha au kutafuta njia nyingine. Kwa wale wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa na mwajiri wa nchi nyingine, tangu Julai 2024 kuna viza ya DTV, ya miaka mitano, inayoruhusu siku 180 kwa kila kuingia kwa anayeonyesha akiba ya baht 500,000. Haimruhusu kufanya kazi kwa kampuni ya Thailand.

Tuje kwenye nyumba. Mgeni hawezi kumiliki ardhi, hilo limo katika Sheria ya Ardhi ya 1954 na si rahisi kulikwepa. Anachoweza kumiliki ni nyumba ndani ya jengo la ghorofa lililosajiliwa chini ya sheria ya 1979, mradi sehemu inayomilikiwa na wageni isizidi asilimia 49 ya eneo lote la nyumba za jengo hilo, na fedha za kununulia ziwe zimeingia kutoka nje ya nchi kwa sarafu ya kigeni, zikiwa na karatasi ya benki inayothibitisha hivyo. Nyumba yenye kiwanja hupangwa, kwa mkataba usiozidi miaka 30, na mkataba wowote unaozidi miaka mitatu lazima usajiliwe ofisi ya ardhi, la sivyo hauna nguvu mahakamani zaidi ya miaka hiyo mitatu. Mume mgeni ambaye mke wake Mthai ananunua kiwanja hutakiwa kutia saini kwamba fedha zilizotumika ni mali binafsi ya mke. Wanaume wengi hutia saini hiyo bila kuisoma. Wale wanaoshauriwa kuanzisha kampuni ya jina tu, yenye wanahisa Wathai wa kukodi, ili kampuni imiliki ardhi, wanashauriwa kuvunja sheria.

Kuhusu matibabu, wananchi wana mfumo wa afya kwa wote ulioanza 2002, na mgeni hayumo. Aliyeajiriwa huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii na hutibiwa katika hospitali aliyojiandikisha. Mstaafu hujitegemea, na hapa ndipo ninapoona mipango mingi ya kuhamia Thailand ikiwa dhaifu kuliko inavyoonekana. Hospitali binafsi za Bangkok ni nzuri kiasi cha kuwavutia wagonjwa kutoka Omani na nchi za Ghuba, na pembeni mwa Barabara ya Sukhumvit kuna mitaa yenye migahawa na maduka ya dawa yenye mabango ya Kiarabu kwa ajili yao, lakini bili zake ni za hospitali binafsi. Bima hupatikana kwa urahisi mtu akiwa na miaka 50, hupanda akiwa na 65, na akiwa na 75 pamoja na historia ya moyo huenda hakuna kampuni itakayomchukua. Hospitali za serikali humpokea, kwa bei ya mgeni iliyo juu kuliko ya mwananchi ingawa bado ni ya kuvumilika, na kwa foleni inayoanza alfajiri.

Bei mbili hizo hujitokeza pia katika mbuga na makumbusho. Mwananchi hulipa baht makumi pale ambapo mgeni hulipa mamia, na mara nyingi bei ya mwananchi huandikwa kwa tarakimu za Kithai ili asiyezisoma asiione. Katika baadhi ya maeneo, mkazi anayeonyesha leseni ya udereva ya Thailand au kile kitambulisho cha waridi hupunguziwa, kwingine hapunguziwi. Huamuliwa na aliye dirishani.

Mambo ya adabu hujifunzwa kwa kuishi, na mtu aliyelelewa Uswahilini huanza akiwa mbele kidogo. Wathai huulizana umri mapema ili kila mmoja ajue amwite mwenzake kaka, dada au mdogo wangu, na anayemwita mkubwa wake kwa jina kavu huonekana hana malezi. Hata saa, katika mazungumzo, huhesabiwa upya jua likizama, hivyo saa moja usiku hadi saa tano usiku ni zile zile za Kiswahili. Baada ya usiku wa manane hesabu huanza tena na hapo mwenye miadi aulize kwanza. Miaka ni ya kalenda ya Kibudha, iliyo mbele kwa 543, na leseni inayokwisha 2573 inakwisha 2030. Wimbo wa taifa hupigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na watu katika bustani na vituo vya treni husimama hadi uishe. Juu ya yote hayo kuna Kifungu cha 112 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotoza kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumtusi mfalme, malkia, mrithi wa kiti au mlezi wa kiti. Kifungu hicho huwahusu wageni pia, na maandishi ya mitandaoni yamo.

Kodi imebadilika karibuni. Aliyekaa Thailand siku 180 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda ni mkazi kwa macho ya Idara ya Mapato, hata kama uhamiaji unamwita mgeni wa muda. Zamani, kipato cha nje kilichoingizwa nchini mwaka uliofuata ule kilipopatikana hakikutozwa, na wastaafu waliishi kwa kuchelewesha fedha zao. Tangu tarehe 1 Januari 2024 mwanya huo umezibwa kwa kipato kilichopatikana kuanzia siku hiyo. Kile cha kabla yake bado kimesamehewa, kwa anayeweza kuonyesha kwa taarifa za benki kwamba ni cha kabla. Mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili huwasaidia raia wa nchi zilizoitia saini.

Ukazi wa kudumu upo, lakini mlango wake ni mwembamba. Mwombaji awe amekaa kwa nyongeza za mwaka mmoja mfululizo kwa miaka mitatu, aweze kuzungumza Kithai katika usaili, na awe ndani ya kikomo cha watu 100 kwa kila taifa kwa mwaka, kikomo ambacho kwa nchi za Afrika Mashariki hakiwezi kuwa kikwazo, ilhali ada ya baht 191,400 inayolipwa baada ya kukubaliwa inaweza kuwa. Anayeupata huachana na nyongeza za kila mwaka na taarifa za siku 90. Kibali cha kazi bado atakihitaji, idhini ya kurejea bado ataiomba kabla ya kusafiri, na ardhi bado hataweza kuiandikisha kwa jina lake.